Pikipiki Ndefu na Goti la Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Punda amekufa.

Punda si mnyama. Ni pikipiki yetu, niliyoipa jina hilo kwa sababu haikuwahi kukataa mzigo. Imekata roho leo asubuhi mtaa wa maduka, tukitoka kliniki, Mama Mkwe akiwa nyuma. Ilikohoa. Ikatetemeka. Kimya. Nikaisukuma hadi nyumbani na yeye juu yake, mkoba mapajani, akiwasalimia watu kana kwamba ndivyo tulivyopanga. Jioni fundi akaifungua injini, akachungulia, akaifunga tena, akavua kofia. Nilielewa.

Sasa tuko matatani. Mama Mkwe alianguka kwenye ngazi za nyumba yake akavunjika goti. Plasta imeshatolewa, lakini goti limesahau kukunjika. Anakaa kwetu, katika chumba nilichokuwa nasomea magazeti. (Silalamiki. Naandika tu.) Kila Jumatatu na Alhamisi lazima aende kliniki ya mazoezi. Daktari wa mazoezi, binti mdogo mwenye mikono ya mtu aliyezoea kukanda unga, hakutuficha kitu. Mama akikosa mazoezi, goti litaganda. Likiganda, atapelekwa hospitali kubwa, alazwe kwa dawa ya usingizi, likunjwe kwa nguvu. Na Mama Mkwe anauogopa usingizi ule kuliko kitu chochote duniani. Dada yake mkubwa aliingia katika usingizi kama huo na hakutoka.

Gari haliingii uchochoro wetu. Kwa hiyo pikipiki ndiyo miguu yake.

Mke wangu ameniomba jambo moja tu. Akiba ipo, tuliyoiweka pamoja; ninunue pikipiki kama Punda, ila nzima. Kiti kirefu, kiwe chini, na keria ya chuma nyuma. Neno keria amelirudia mara tatu. Najua kwa nini. Mama Mkwe hanishiki kiuno. Hajawahi. Mimi ni mume wa bintiye, yeye ni mama, na kila mmoja anajua mipaka yake. Yeye hukaa upande, mkono mmoja kwenye keria, mkoba wake mkubwa katikati yetu kama ukuta. Tumepita mashimo yote ya mji huu bila kugusana hata kwa bahati mbaya. Jambo hilo hunipa fahari.

Nikamwambia mke wangu asiwe na wasiwasi, nitatafuta. Nitatafuta nini, sikusema.

Jumanne, 4 Machi

Shemeji amepita kututembelea. Ni mdogo wa mke wangu. Ana pikipiki ndefu, ya safari za mbali, yenye magurudumu ya kupandia milima na masanduku ya bati pande zote mbili. Aliizima pale nje, watu wakatoka milangoni. Kuna jirani ambaye hajawahi kunijibu salamu tangu tuhamie. Leo alikuja kuigusa ile pikipiki na kucheka na shemeji kama ndugu wa tumbo moja!

Nikamwambia shemeji kwamba nami niko sokoni natafuta kitu kipya. Akanipiga begani. Akasema, shem, kwa mwendo wako wewe, nunua baiskeli, tena ya kike.

Watu wakacheka. Mke wangu akacheka. Hata Mama Mkwe, ndani, dirishani, nilisikia akikohoa kwa namna ninayoijua. Mimi pia nilicheka, ili isionekane. Iliniuma sana.

Mke wangu amependekeza tukodi pikipiki za mtaani kwa muda. Mama Mkwe amekataa katakata. Aliwahi kupanda moja, na dereva aliongea na simu njia nzima, simu imebanwa ndani ya helmeti, huku akimweleza huyo wa kwenye simu mambo kwa mikono yote miwili. Hapandi tena.

Nimelala chali nikitazama dari. Nimekata shauri.

Jumatano, 5 Machi

Dukani. Muuzaji ni mwanamke mtaratibu mwenye miwani, si wa kukurupuka. Kabla hajanionyesha chochote akaniambia watu wengi hununua pikipiki ya mtu mwingine, yaani ya mtu wanayetamani kuwa. Kwa hiyo ana maswali, na nimjibu ukweli. Nikamwambia ukweli ndiyo kazi yangu. Mimi ni mpimaji wa madirisha katika duka la mapazia.

Wakati huo macho yangu yalikuwa yameshaiona. Imesimama peke yake pembeni, ndefu, nyeusi, kifua mbele.

Akaniuliza napita barabara za namna gani. Nikasema milima, mito, mchanga. (Kuna mfereji karibu na kazini. Hufurika.)

Akaniuliza kuhusu mzigo. Nikasema sibebi. (Mabomba ya pazia, kila siku ya kutundika. Mabegi mawili ya vitambaa. Wakati mwingine ngazi.)

Akaniuliza mwendo wangu wa kawaida. Nikacheka kidogo, nikasema siuangalii. (Thelathini. Nikiwa na hasira, thelathini na tano.)

Mwisho akaniuliza napanda na nani.

Hapo picha ikanijia kichwani. Nikamwona Mama Mkwe na mkoba wake, kilemba chake cha kliniki, ule mguu ameunyoosha pembeni kama kishikio cha ndoo. Kisha nikaitazama ile ndefu. Nikasema, peke yangu. Nikaongeza na chumvi: mimi ni mtu wa upweke, mama, naipenda njia na njia inanipenda.

Akaniangalia juu ya miwani. Basi hiyo ndiyo yako, akasema, kama yote uliyosema ni kweli.

Nikaikalia ikiwa kwenye stendi yake. Juu! Niliona paa la duka la jirani. Akaniambia niishushe kutoka kwenye stendi nijaribu kama miguu inafika chini. Nikamwambia hakuna haja, mimi ni mpimaji, urefu naujua kwa macho.

Akiba yote imekwenda, na kesho naichukua. Nimeipa jina: Mlima.

Alhamisi, 6 Machi

Miguu haifiki chini.

Nimeligundua hilo kwenye taa za barabarani. Nyekundu ikawaka, nikasimama, nikashusha mguu kama nilivyoshusha maisha yangu yote, na ardhi haikuwepo. Nikaanza kulala taratibu upande wa kushoto. Bahati nzuri kulikuwa na lori. Nikaliegemea. Dereva akashusha kioo, akaniuliza kama tunafahamiana. Kijani ilipowaka aliniomba kwa upole nimwachie gari lake aende.

Nimefika nyumbani nikiwa nimelowa jasho, lakini kifua mbele. Mama Mkwe alikuwa ameshavaa, amekaa kibarazani tayari kwa kliniki, viatu vimefungwa. Akainua macho. Akainua zaidi. Kisha kwa ile adabu yake akaniuliza, na mimi, baba, nakaa wapi?

Nikamwonyesha. Sehemu ya nyuma imeinuka kuliko ya mbele. Watengenezaji waliona ni maridadi. Akaitazama kama mtu anavyotazama dari linalovuja. Akasema, unajua, leo goti linauma kidogo, tuache tu. Halikuwa likiuma. Asubuhi nilimsikia akiimba.

Mke wangu alirudi kutoka kazini (ni keshia wa duka la dawa), akasimama mbele ya Mlima bila kutua begi. Akauliza keria iko wapi. Nikaanza kumweleza habari ya injini. Akauliza keria iko wapi. Nikamwambia pikipiki za kiwango hiki hazina keria. Akaingia ndani. Nikasikia sufuria.

Kliniki imekosekana mara moja. Si mwisho wa dunia. Nina mpango.

Jumamosi, 8 Machi

Mpango wangu una sehemu mbili, na nina haki ya kujisifu.

Sehemu ya kwanza ni kupanda. Nimegundua kwamba Mlima ukiegeshwa sambamba na kibaraza, na juu ya kibaraza nikaweka ile stuli ninayosimamia kutundika mapazia, Mama Mkwe anaweza kutoka kwenye stuli moja kwa moja hadi kitini, kwa kukaa tu. Tumejaribu. Amekaa! Kichwa chake kikawa usawa wa bati. Akasema anaona hadi kwa muuza mkaa, na kwamba yule muuza mkaa anakunywa chai badala ya kufanya kazi.

Sehemu ya pili ni kushika. Keria hamna. Kunishika mimi, haiwezekani. Nilimwona akiutazama mgongo wangu kama ukuta uliopakwa rangi mbichi. Nikaenda dukani kwetu. Stoo ilikuwa na kamba mbili za kufungia mapazia ya ukumbi, nene, za mahameli, rangi ya damu ya mzee, zenye matamvua ya dhahabu. Nimezishona kwenye mkanda wangu wa suruali, moja kulia, moja kushoto. Yeye atashika kamba. Kamba itanishika mimi. Heshima itabaki palepale.

Mke wangu alitutazama tukijaribu. Alikaa chini kibarazani, akajifunika uso kwa upande wa kanga, mabega yakatikisika. Sikuweza kujua kama alikuwa akilia au vipi.

Jumatatu, 10 Machi

Nitaandika yaliyotokea bila kuongeza wala kupunguza.

Tuliondoka vizuri. Kilichonipita ni kwamba mtu aliyeshika kamba mbili za mtu aliye mbele yake huanza kuzitumia. Nilipofika thelathini, akavuta zote mbili. Nikapunguza. Tulipokaribia kona, akavuta ya kulia. Nikakata kulia. Si njia yetu, lakini alitaka kumsalimia fundi cherehani wake. Mtaa wa maduka watu walisimama. Matamvua yalikuwa yakipepea. Mtu mmoja mlangoni pa kinyozi alipaza sauti akasema, mama, usimchape sana! Kinyozi mwenyewe alitoka nje na mkasi mkononi kuangalia, akamwacha mteja nusu.

Nilitazama mbele tu. Mama Mkwe aliwaitikia wote.

Tukafika kliniki. Na hapo, jamani, hakuna kibaraza. Hakuna stuli. Kuna uwanja wa changarawe, sawa kama meza. Niliwaza kupanda. Kushuka sikukuwaza.

Mlinzi akajitolea kumbeba. Mama Mkwe akamwambia asante, mwanangu, mimi si gunia. Mimi kumbeba, halizungumziki. Yeye mwenyewe kujishusha, goti halikubali. Tukakaa pale, mimi nimesimama ubavuni nimeshikilia Mlima usilale, yeye juu na mkoba wake. Wagonjwa wengine wakatoka na magongo yao kutazama.

Daktari wa mazoezi akaja. Akatuzunguka mara moja. Akauliza nani alinunua hii. Mama Mkwe akajibu kwamba mkwe wake alipata nafasi nzuri. Hakuniangalia aliposema hivyo. Aliniokoa mbele za watu, na mimi nikakubali kuokolewa.

Basi mazoezi yamefanyika hapohapo juu. Daktari ameshika kisigino, kunja, nyoosha, kunja, nyoosha, na kila akikunja Mlima unayumba na mimi nasaga meno. Alipomaliza akaninong'oneza sikioni. Goti limerudi nyuma. Wiki iliyopita lilikuwa likikunjika zaidi ya hivi. Anampa hadi Jumatatu ijayo. Lisipobadilika, hospitali kubwa.

Mama Mkwe alikuwa juu palepale, nadhani alisikia. Kurudi, hakuzivuta kamba hata mara moja.

Jumanne, 11 Machi

Kazini nako balaa. Nilikuwa napeleka mapazia ya sebule kwa mteja mpya, nimeyafunga ubavuni kama siku zote. Ekzosi (bomba la moshi) ya Mlima iko juu, ubavuni, si chini kama ya Punda. Nilisikia harufu, nikadhani ni jirani wa mtu anachoma takataka. Nikawahurumia hao majirani. Nilipofika kwa mteja, nikakunjua pazia mbele yake, katikati kulikuwa na tundu la ukubwa wa sinia, na kingo zake bado zinafuka moshi.

Bosi amesema kuanzia kesho nitapima madirisha ya karibu, yale ya kwenda kwa miguu. Nikamuuliza kama ni adhabu. Akasema hapana, ni huruma kwa vitambaa.

Lakini nimepata wazo la goti. Shida yote ni urefu. Ukipunguza urefu, umemaliza kazi. Na nini kinachoinua pikipiki? Magurudumu. Na ndani ya magurudumu mna nini? Upepo!

Wakati mwingine najiogopa mwenyewe.

Alhamisi, 13 Machi

Mkono wa kushoto umefungwa bandeji. Naandika kwa wa kulia.

Nilitoa upepo asubuhi, mke wangu alipokwisha kwenda kazini. Mlima ukashuka. Si sana, lakini vidole vyangu viligusa chini, na Mama Mkwe alipanda kwa stuli fupi ya jikoni. Nikamwambia, unaona, mama? Akasema anaona.

Pikipiki isiyo na upepo haisikii. Unaiambia kushoto, inafikiria kwanza. Tulifika kona ya wauza mbao taratibu kabisa, mtu wa miguu alitupita, na hapo Mlima ukaanza kulala. Nikashusha mguu. Ukagusa mchanga, ukateleza. Nikajua tunaanguka. Muda ule ulikuwa mrefu kweli. Kamba zikamponyoka, na Mama Mkwe akanikumbatia. Mikono yote miwili, kiunoni, kwa nguvu zake zote. Nilihisi moyo wake ukipiga mgongoni mwangu. Alikuwa na hofu, mama wa watu, hofu tupu, na mimi ndiye niliyemtia.

Tulianguka kwenye lundo la pumba za mbao. Laini. Hakuumia popote. Mimi nimetegua kifundo cha mkono. Wauza mbao wakaja mbio. Akawaambia wasubiri kidogo.

Tukakaa kwenye pumba, yeye na mimi, hatutazamani. Aliona aibu ya kunikumbatia, nami niliona aibu ya mambo mengi. Kisha akaniuliza swali moja, kwa sauti ya kawaida, kama anauliza bei ya nyanya. Baba, kule dukani, walikuuliza unapanda na nani?

Ningeweza kudanganya. Nina kipaji hicho. Lakini alikuwa na pumba kwenye kilemba, na alinitetea mbele ya daktari. Nikamwambia ndiyo, waliniuliza.

Ukasemaje?

Nikamwambia nilisema napanda peke yangu.

Hakukasirika. Nilitamani akasirike. Alijipangusa pumba moja moja, akajikokota hadi kwenye rundo la mbao, akasimama kwa kulishika. Akasema, haya, baba, basi panda peke yako. Akaomba wauza mbao wampe kijiti kizuri kisicho na vibanzi, akaanza kwenda.

Alikwenda kwa miguu hadi kliniki. Hatua, anapumzika. Hatua, anapumzika. Mimi nilikuwa nyuma nasukuma Mlima kwa mkono mmoja, magurudumu yanapiga pwata pwata, kamba za dhahabu zinaburuta kwenye vumbi. Hakugeuka nyuma. Nililia kidogo. Hakuna aliyeona, isipokuwa kinyozi.

Mke wangu aliitwa kutoka kazini, akaja kumchukua. Wakarudi wameshikana, wanapumzika kila mlango. Mimi hawakunisubiri.

Ijumaa, 14 Machi

Nyumbani hakuna ugomvi. Hilo ndilo baya. Chakula kinawekwa, salamu zinajibiwa. Mama Mkwe ananiita baba kama zamani, lakini analitamka kwa uangalifu, kama mtu anayerudisha chombo cha kuazima.

Nimemsikia akimwambia mke wangu kwamba pengine Jumatatu wakubali tu hospitali kubwa, hataki kuwa mzigo wa mtu. Mke wangu akamwambia asiseme hivyo. Mama Mkwe akasema, mwanangu, mtu akishaambiwa hayupo, hayupo.

Nilikuwa nyuma ya mlango. Nilijikaza kisabuni. Sikuwahi kufikiri kwamba yule mama anasubiri neno kutoka kwangu. Nampenda. Sijawahi kuandika hivyo mahali popote.

Kesho narudi dukani. Nitasema ukweli wote, hata ule wa thelathini.

Jumamosi, 15 Machi

Nimesema.

Muuzaji aliuona mkono, akauona Mlima, akavuta kiti akaniambia niketi. Nikamwaga yote. Kwamba mto ni mfereji. Kwamba naogopa malori, isipokuwa lile moja. Kwamba nabeba mabomba na ngazi na mabegi. Kwamba nina mama mkwe, goti lake, na kwamba hanishiki kiuno. Kwamba kila Jumatatu na Alhamisi ninakwenda pale tu, si mbali, na kwamba hizo ndizo safari kubwa za maisha yangu. Muuzaji alivua miwani akaifuta.

Akasema, sasa ndipo naweza kukuuzia pikipiki.

Akanipeleka nyuma. Ilikuwepo. Ndogo, rangi ya kijivu, kiti kirefu kama benchi, ekzosi chini, keria pana ya chuma. Nikaikalia. Nyayo zote mbili chini, bapa! Nilisikia amani imeniingia kuanzia visigino. Akaniambia nikitaka tutabadilishana, Mlima kwa hii, na kitu kidogo nirudishiwe juu.

Nimempigia simu mke wangu hapohapo nikamwambia nimesema ukweli wote. Akaniita kwa jina la utani alilokuwa akiniita tulipokuwa wachumba. Nikamwomba amwambie mama ajiandae Jumatatu. Nikasikia akimwambia, na nikasikia Mama Mkwe akisema, kwa mbali, haya, namngoja mkwe wangu.

Muuzaji akaenda kuandaa karatasi. Nikabaki peke yangu na zile pikipiki kwa muda.

Jumatatu, 17 Machi

Ningependa ieleweke kwamba nimezingatia kila nilichoambiwa.

Tatizo lilikuwa urefu. Nimeondoa urefu. Ile niliyochukua iko chini kuliko hata ile ya kijivu. Muuzaji mwenyewe hawezi kubisha. Ilikuwa jirani yake. Nyekundu, imelala kama paka anayevizia, ya mashindano. Nyayo zangu ziko bapa na magoti yamekunjika, nafasi tele. Muuzaji alitaka kusema kitu. Nikamwambia mama, safari hii nimejaribu, na miguu imefika. Akachana karatasi alizokuwa ameandaa, akaandika nyingine.

Nimeichukua dukani leo, nikafika uchochoroni saa ya kliniki. Mama Mkwe alikuwa amesimama kibarazani, kilemba kipya. Mke wangu alikuwa ameomba ruhusa ya asubuhi ili aone. Nikazima injini.

Walitafuta kwa macho, wote wawili, kuanzia mbele hadi nyuma, na kurudi. Kiti ni kimoja. Nyuma yake kuna mkia, umechongoka kwa ajili ya upepo. Nikawaeleza haraka kwamba kiti cha abiria kinauzwa pembeni na kitaagizwa. Mke wangu alikuja, akachomoa ufunguo, akauangalia, akanirudishia mkononi, akanifunga vidole juu yake kimoja kimoja.

Mama Mkwe ndiye aliyesema. Ni nzuri, baba, akasema. Ni nyekundu.

Kisha wakaondoka kwa miguu, mtu na mwanawe, wameshikana mikono. Nami nikapanda, nikawasindikiza nyuma, maana mimi si mtu wa kumwacha mgonjwa njiani.

Habari njema: goti limekunjika! Daktari amelipima akashangaa, akamuuliza amefanya nini. Mama Mkwe akasema anatembea, polepole, tangu Alhamisi, hata uani kwa bintiye. Daktari akasema aendelee hivyohivyo, polepole na kupumzika, na hospitali kubwa haihitajiki. Mke wangu akamkumbatia hadi kilemba kikaanguka. Mama Mkwe akasema atakwenda kliniki kwa miguu yake kuanzia leo, na mwisho wa mwezi atarudi kwake, kwenye ngazi zake. Hakusema kwa ubaya. Nilijisikia vibaya hata hivyo. Chumba changu kitakuwa wazi, na sijui nitasoma magazeti gani humo.

Lakini ukiangalia vizuri, nani amemfanya atembee? Sitaki sifa. Nauliza tu.

Kasoro imebaki moja. Hii nyekundu haipendi mwendo wa kusindikiza. Injini inachemka, inanguruma, na leo imezimika mtaa wa maduka watu wakitazama. Nimelitafakari jioni nzima, na jibu ni rahisi. Alhamisi nitamwomba Mama Mkwe aongeze mwendo.